Mwanga Haukugeuka

Alhamisi. Mvua ya vuli imepita kidogo na kutuachia joto zaidi. Hapa mtaani Malindi hakuna hata upepo, nami leo sikai wala situlii.

Kesho asubuhi nawasilisha chuoni utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Mwanga hutikisika huku unasafiri, na mtikisiko huo una upande wake. Kitaalamu ndiyo polarisheni. Ile miwani mizuri ya jua ya watalii huzuia mtikisiko wa upande mmoja. Swali langu: mwanga ukipita karibu na nyota nzito inayojizungusha, mvutano wa nyota unaugeuza ule upande? Hesabu yangu inasema unaugeuza, tena sana. Mama ameshautangazia mtaa mzima.

Ila juzi, kwa kujaribu tu, niliisimamisha nyota kwenye hesabu. Nyota isiyozunguka hupinda njia ya mwanga, lakini mtikisiko haiugeuzi, kwa hiyo jibu lilipaswa kuwa sifuri. Halikuwa. Nikajiambia ni kasoro ndogo, nikafunga kompyuta.

Nilijua si ndogo.

Leo alasiri amefika shangazi yangu, Bi Mwanaidi, kutoka Jambiani, kuja kunisikiliza. Akatia udhu, akatandika mswala, akasali ameelekea mlangoni, kama anavyosali kwake miaka yote. Mama akangoja atoe salamu.

"Wifi, kibla huku. Umefuata mlango."

"Ala, kumbe. Kwangu nnaufuata mlango na sikosei."

Akageuza mswala, akasali upya. Mimi nimesimama na birika la chai mkononi, nimesahau kumimina.

Maana kosa langu ni hilo hilo. Kila hatua ya safari ya mwanga nilipima pembe ya mtikisiko kwa kuitazama ncha ya juu ya nyota. Mwanga ukisogea, ncha nayo inaonekana upande mwengine. Kilichogeuka ni kipimo changu.

Nimerudia hesabu kwa kipimo kinachosafiri pamoja na mwanga. Nyota iliyotulia, sifuri. Inayozunguka, mgeuko mdogo mno, hakuna darubini ya kuuona.

Nina hasira na nafsi yangu, na kilio kiko karibu. Msimamizi wangu nitamwandikia sasa hivi. Atanuna, kisha tutarekebisha. Anayenitesa ni mama. Namsikia ukumbini yuko kwenye simu, anaalika mtu mwengine tena: "Njoo kesho umsikie mwanangu, kaugeuza mwanga."

Akikata tu, kabla hajapiga nyengine, naingia.