Niiuze au Niizamishe Mashua Nisiyokuwa Nayo?

Mama Kathure mpendwa,

Naomba msaada wako, na kabla hujaanza kucheka ujue mke wangu ameshacheka kwa niaba ya Texas nzima, kwa hiyo kicheko nimeshiba. Mimi ni mwanamume wa miaka arubaini na sita, mzaliwa wa Mombasa, mkaazi wa Grand Prairie, kazi yangu ni kuendesha foklifti katika ghala la matairi, na hapa ninapokuandikia naheshimiwa kama nahodha na Waingereza wapatao mia tatu, na chombo cha maji pekee nilichowahi kupanda maishani ni feri ya Likoni, tena nikiwa nimeshikilia nguzo.

Ilianza mwaka juzi nilipoumia mgongo kazini nikakaa nyumbani wiki sita, watoto wako shule, mke wangu Mwatime yuko hospitali anakofanya kazi, nimebaki mimi na kompyuta, na katika kupekuapekua nikaangukia ukumbi mmoja wa mtandaoni wa Waingereza wanaoishi kwenye mashua za mfereji, mashua ndefu nyembamba kama korido, ndani zina vitanda na mapazia na jiko la makaa, na kwa mwendo mtu wa miguu anazipita, na wallahi sikuvutiwa na mashua, nilivutiwa na watu, maana wale watu hawana adabu. Mtu anaingia ukumbini bila salamu, anauliza pampu yake ina nini, akijibiwa haagi wala hashukuru. Mimi nikaingia kama nilivyolelewa, habari za asubuhi mabibi na mabwana, mmeamkaje, yule aliyekuwa na mafua anaendeleaje, kila siku bila kukosa, na mwanzo walidhani nina wazimu, halafu wakazoea, halafu siku nisiposalimu wakawa wananiulizia.

Sasa kule kila mtu chini ya maneno yake huweka saini, yaani jina la mashua yake na urefu wake kwa futi, na asiye na saini huhesabiwa mpita njia, hajibiwi vizuri. Siku moja nikaulizwa mashua yangu yaitwaje, na kabla sijafikiri mkono umeshaandika: Mwatime, futi hamsini na saba. Basi. Nikasoma sheria zao zote nikazijua kuliko wao, na kwa kuwa sipendi utovu wa adabu nikawa ndiye wa kuwakaripia, kwamba ukipita mashua zilizofungwa kando punguza mwendo usije ukawamwagia wenzio chai, kwamba ukitoka kwenye lango la maji, lile la kupandishia na kushushia mashua mferejini, lifunge nyuma yako, hukukulia pangoni. Wakaniita Kapteni Halim, na wenye ukumbi wakanikabidhi kazi ya kuwapokea wageni na kuwajibu maswali yao faraghani. Mwatime aliposikia alisema, “Halim, hao wazungu wakitaka kuiona hiyo boti utawaonyesha nini, forklift?” Binti yangu Yumna, miaka kumi na mitano, hata Kiswahili hakunipa: “Dad, that’s just lying.”

Mambo yangekaa hivyo hivyo bila kumdhuru mtu, lakini Oktoba akaja mgeni mmoja, Bertila, Mtanzania anayelea wazee huko Birmingham, ambaye kodi ya nyumba ilimshinda akanunua mashua kuukuu ya kuishi yeye na bintiye Matumaini wa miaka minane. Alipoona saini yangu akaniandikia, “Kaka, hilo jina mbona si la Kizungu?” na tangu siku hiyo ni kaka Halim hiki, kaka Halim kile, haulizi mwingine, maana alipouliza siku ya kwanza walimcheka. Januari akalalamika kwamba upepo unapenya kwenye vitundu vya milango na vya darini, mtoto anatetemeka, afanyeje, na mimi kumwambia sijui dada aliyeniheshimu kiasi kile, tena kwa Kiswahili, ulimi haukunyanyuka, nikamwambia yale tuliyofanya sisi tulipofika Lewisville, baridi yetu ya kwanza, tulipowasha hita ya umeme, tukabandika plastiki madirishani na kusokomeza taulo chini ya mlango, kwamba azibe matundu yote kwa vitambaa. Akaziba, akanishukuru, akasema sasa ndani ni joto kama Dar. Siku hizi ana malalamiko madogo madogo tu, kwamba Matumaini anaamka kichwa kinamuuma na kutapika kidogo, akifika shule anapona, nikamwambia huo ni uvivu wa shule, wangu nao walikuwa hivyo hivyo.

Taabu yangu ni Pasaka. Ukumbi unakutana ana kwa ana, wote na mashua zao, na Bertila amewatangazia kwamba Kapteni Halim ndiye atakayemvusha kwenye lango lake la kwanza la maji, kwa hiyo sasa watu mia tatu wanauliza Mwatime imefungwa wapi. Naona njia mbili. Nikisema nimeiuza watauliza nani kainunua, na wale wanajuana wote. Nikisema imezama watanipa pole, nami nitalazimika kuzipokea. Mama, nihifadhie heshima yangu: niiuze au niizamishe? Namba yangu ya simu nimeiweka chini, kwa jibu la faragha.

Nahodha, Grand Prairie

*

Nahodha,

Barua yako ilinifikia hapa Houston Jumanne saa tano asubuhi, nikaisoma nikicheka hadi nilipofika kwa Matumaini. Hapo kicheko kiliisha. Nimeuguza watu miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu na kuanza kusoma upuuzi wenu, nami nakuambia: kichwa kinachouma nyumbani kikapona shuleni si uvivu. Ni nyumba.

Wewe umezaliwa Kenya. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba hulali na jiko la makaa chumbani umefunga dirisha. Kila msimu wa baridi kuna watu wanaozikwa kwa kosa hilo. Kule Lewisville mlikuwa na hita ya umeme, taulo lenu halikumdhuru mtu. Lakini mashua hizo zina jiko la makaa, umeliandika mwenyewe kwenye barua, na kwa kuwa jiko liko Uingereza, lina bomba na kijimlango cha kioo, ukadhani moshi wake nao umepata uraia.

Mashauri ya gazeti huchukua siku. Hili halikuwa na siku. Nikakupigia saa ya chakula cha mchana, nikasikia foklifti zikipiga honi nyuma yako, na neno lako la kwanza lilikuwa, “Mama Kathure! Umeamuaje, niiuze?”

“Una namba ya Bertila?”

“Ninayo, lakini saa hii niko break, nitampigia nikifika home—”

“Dial sasa hivi, na mimi nikiwa kwa line. Three-way.”

Kwao ilikuwa jioni, jiko limeshawashwa. Alipopokea ulifanya nini, Nahodha? Wasomaji wangu na wajue. Ulimsalimu! Habari za kazi, habari za baridi, majirani hawajambo? Ungefika hadi kwa paka wake kama nisingekukatiza.

“Bertila mwanangu,” nikasema, “mimi ni mama mmoja, nesi, niko Houston. Mtoto yuko wapi?”

“Shikamoo mama. Amelala, kichwa kinamsumbua.”

“Mwamshe, mtoe nje. Sasa hivi. Halafu fungua milango yote, ung’oe na vile vitambaa.”

“Mama, nje kuna barafu.”

“Mtoe na blanketi lake.”

Nilisikia mlango, nikasikia mtoto akikohoa, kisha sauti ya jirani wa mashua ya pili akiuliza kuna nini. Huyo ndiye aliyeita gari la wagonjwa. Hospitali walipima damu, wakaikuta ina ile sumu ya moshi isiyo na harufu, wakamweka mtoto kwenye oksijeni hadi asubuhi. Jana aliruhusiwa. Amekula chipsi na ameulizia shule, huyo mvivu wako. Daktari alimwambia Bertila ni siku ngapi zilikuwa zimebaki. Sitaziandika hapa, mama yake asizisome tena.

Kabla hajakata simu Bertila alikuuliza swali moja, kwa upole: “Kwani wewe, kaka, yako hukuiziba?” Mwanamume wa miaka arubaini na sita ukajibu, “Laini inakatika,” ukaikata. Laini ilikuwa safi. Nilikuwa nasikia honi za foklifti.

Nilidhani hapo umefika chini kabisa. Jumatano ukanitumia imeili. Kumbe kuna wageni wengine wawili, mzee mmoja mjane na kijana mmoja aliyeoa juzi, uliowapa dawa ile ile ya vitambaa, ila unaniandikia nisiwe na wasiwasi, “hawajalalamika.” Nahodha, mtu aliyelala kwenye moshi halalamiki. Nikakupigia mara tatu hukupokea. Ukajibu kwa maandishi kwamba utawajulisha, nikuache kwanza utafute maneno mazuri, na je, kuhusu Pasaka nimefikia wapi?

Sikukaa nikingoja maneno yako mazuri. Nilimwambia binti yangu Lydiah aingie kwenye huo ukumbi wenu aandike onyo. Aliandika vizuri, ana digrii. Unajua walimjibu nini? Kwamba yeye ni mgeni, hana saini, ajitambulishe kwanza mahali pa wageni, kwamba kila mtu anajua matundu hayazibwi na hakuna anayeweza kufundisha ujinga kama huo, na kwamba ni utovu wa adabu kumchafulia jina Kapteni Halim, mtu mstaarabu kuliko wote pale. Sheria hizo za kuwakalisha wageni ni wewe uliyekuwa ukizisimamia. Sasa mlango umefungwa, na wewe ndiwe uliye na ufunguo, maana majina ya wale wageni wawili yako kwenye sanduku lako la barua peke yake.

Usije ukasema Mama Kathure anadharau salamu. Salamu ni nzuri, na hao Waingereza walikuwa wanazihitaji. Lakini adabu haiishii kwenye “mmeamkaje.” Mtu mwenye adabu akiulizwa asilolijua husema sijui, akamtafutia mwenzake anayejua. Wazee walisema kuuliza si ujinga, na Bertila aliuliza. Ujinga ni wako wewe uliyejibu. Watu mia tatu wanaojua mashua walikuwa hapo, swali lilihitaji dakika mbili, ukaona bora mtoto wa watu alale na sumu kuliko wewe kuonekana mtu wa matairi. Na kuna ubaya gani kuwa mtu wa matairi? Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha Yumna, na Yumna katika nyumba hiyo yenu ndiye aliyesema kweli, ijapokuwa aliisema kwa Kiingereza.

Pia umeniomba nikuhifadhie heshima. Heshima gani? Waliyokupa walimpa mwenye mashua. Huyo hayupo. Wewe mwenyewe hawakuwahi kukutana nawe, kwa hiyo hakuna chako cha kupoteza pale. Bertila, ambaye ana haki ya kukutukana hadi Pasaka nyingine, aliniambia jana kwamba ukimpigia atapokea. Mimi nisingepokea. Mpigie, ulijibu lile swali lake, na usianze na hali ya hewa.

Sasa swali lako. Usiiuze wala usiizamishe. Ukisema imezama umewapa uongo mwingine wa kukusikitikia, na wageni wako wawili wataendelea kuamini kwamba aliyewafundisha alikuwa nahodha, bahati mbaya tu ilimpata. Wanahitaji kujua kwamba hakukuwa na nahodha. Hapo tu ndipo watakapong’oa vitambaa.

Gazeti linakwenda kwa mchapaji leo Alhamisi. Lydiah ametoka kuangalia sasa hivi, na chini ya salamu zako za asubuhi ya leo, maana umewasalimu hata leo, bado pameandikwa Mwatime, futi hamsini na saba. Basi kaa kwenye hiyo kompyuta kabla hujavaa viatu vya kazi. Waandikie kwanza wale wawili, kisha andika ukumbini wazi, kila mtu aone. Ukashindwa na maneno, haya hapa, yageuze Kiingereza, na usiyatangulize na habari za asubuhi:

“Sina mashua. Sijawahi kuwa nayo. Nilimwambia mgeni azibe matundu ya hewa, mtoto wake akalazwa hospitali. Kama mimi ndiye niliyekwambia uzibe, fungua sasa.”

Chini yake weka jina lako. Bila futi.