Kibati kwenye Kamera ya Bibi Pargeter

Ludlow, 3 Februari 1994

Mjomba Clement,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi ya huko Buxton? Sisi wazima, ila mvua imeingia mpaka kwenye rafu za duka.

Bibi Pargeter, mjane wa mwalimu wa hapa, kaniletea kamera ya zamani niithamini. Mkangazi mtupu, pembe za shaba, mfuko wa ngozi nyekundu unaokunjuka kama kodiani, na nafasi ya kuchomeka vioo vya picha. Kibati chake cha jina la fundi kinasema Garrick Moll, London. Mkusanyaji mmoja ananiambia, "Ikiwa ni Moll kweli, pauni elfu mbili, leo leo." Wewe umethamini kamera miaka thelathini. Nimwamini?

Mpwa wako, Win

Buxton, 7 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti linatabiri mvua kuliko redio.

Usimwamini mtu, amini skrubu. Fungua kibati, utazame chini yake. Kisha niambie huyo mwalimu aliinunua wapi.

Mjombako

Ludlow, 10 Februari

Mjomba, shikamoo.

Umejuaje? Kuna matundu mawili ya zamani, yamezibwa kwa nta na unga wa mbao, ukucha haukwami! Kulikuwa na kibati kingine. Aliyefanya hivi ni fundi haswa. Bibi anasema mumewe aliinunua hukohuko Buxton, mwaka 1961, alipokwisha kudunduliza miaka mitatu. Humjui muuzaji? Mkusanyaji hanipi pumzi.

Win

Ludlow, 24 Februari

Mjomba, shikamoo. Wiki mbili kimya, na simu hupokei. Unaumwa?

Mpwa wako

Buxton, 1 Machi

Win,

Siumwi. Muuzaji ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, duka ndiyo kwanza nimelifungua. Kamera ilikuwa nzuri, ya fundi wa Derby ambaye hakuna aliyemtafuta. Nikabandika jina la mkubwa. Mwalimu akaniuliza, "Ni Moll kweli?" Nikamtazama usoni: "Kweli tupu."

Thamani yake ni pauni mia mbili na arobaini. Mwambie Bibi, mwambie na mkusanyaji. Kunitaja au kutonitaja, amua wewe.

Mjombako

Ludlow, 6 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mkusanyaji kakata simu. Bibi nimemweleza, na jina lako nimelitaja. Alikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akaniuliza, "Sasa mume wangu kawapiga picha wanafunzi wake miaka yote ile kwa kamera ya nani?"

Nikasema sijui.

"Basi huyo mjomba wako aje anieleze. Siuzi mpaka nimjue aliyeitengeneza."

"Umekasirika, Bibi?"

"Sana. Lakini hamu ya kujua imenizidi hasira."

Nimjibu nini?

Win

Buxton, 9 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie nakuja Ijumaa, kwa treni ya saa nne asubuhi. Jina la yule fundi ninalo, sijawahi kulisahau hata siku moja. Silitii kwenye barua, nitamtajia mwenyewe uso kwa uso.

Leo nimenyoa ndevu mara mbili, na safari yenyewe ni keshokutwa. Naogopa, Win. Uje unipokee stesheni.

Mjombako, Clement