Nyusi ya Kulia ya Baba

Kambi Namba 6, Kericho
12 Februari 2023

Kwa binti yangu Jentrix,

Mvua imerudi huku na mimi bado napumua vizuri, Mungu ashukuriwe. Wewe na mume wako mnaendeleaje na joto la Lodwar? Na mjukuu wangu Eucabeth, mke wangu mdogo? Tangu umpe jina la marehemu mama yako, nampenda bila kumwona ana kwa ana. Ameanza kuongea?

Samahani sikufika ubatizo wake. Kampuni ilininyima likizo. Majani chai ni mengi na madereva wa trekta ni wachache. Na usihangaike kunipigia simu ya video, kamera ya simu yangu imekufa. Tuandikiane tu, watu wa basi watatufikishia.

Ni mimi baba yako,
Owiti


Lodwar
3 Julai 2023

Baba,

Habari ya huko? Sisi wazima, mtoto alikuwa na homa lakini imepoa.

Nimekaa karibu miezi mitano bila kukujibu kwa sababu ya hasira. Mwishowe nilimpigia jirani yako Sellah, nikamuuliza kama kweli ulinyimwa likizo. Akasema, "Jentrix, babako si dereva tena. Uso wake ulipooza upande wa kulia mwaka juzi. Alitolewa kwa trekta siku alipokaribia kunigonga. Nilikuwa upande wake wa kulia, hakuniona kabisa."

Mwaka juzi, Baba! Na mimi nakutumia picha za mtoto nikifikiri umetuchoka. Mbona ulinificha?

Mwanao,
Jentrix


Kericho
20 Julai 2023

Jentrix mama,

Nashukuru mtoto amepoa. Mimi mwili hauna shida, shida ni huo uso tu. Barua yako nimeisoma huku nimeinua nyusi kwa kidole, ndivyo ninavyosoma siku hizi.

Ilikuwa asubuhi. Nilikunywa chai ikanimwagikia kifuani. Kujiangalia kwa kioo, mdomo umehamia kushoto na jicho la kulia halifungi. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu wa uso, si kiharusi, wala sijarogwa. Alisema wengi hupona baada ya miezi michache. Mimi sikupona. Nyusi ikashuka kidogo kidogo mpaka ngozi ikalala juu ya jicho.

Kanisani mtoto mmoja aliniona, akalia mpaka mama yake akamtoa nje. Nikafikiria Eucabeth akilia hivyo mikononi mwangu, siku ya ubatizo wake. Sikuweza, mama.

Usijisumbue kuja. Nimezoea.

Babako


Lodwar
1 Agosti 2023

Baba yangu,

Salamu zote baadaye. Hujazoea. Mtu aliyezoea hadanganyi mtoto wake.

Nimeuliza daktari wa hapa. Anasema kuna upasuaji wa kuinua nyusi kwa watu waliopooza uso, na kuna hospitali ya misheni upande wa Bomet inayoufanya. Usiniambie mambo ya urembo ni ya wanawake. Wewe huoni! Shule zikifungwa tu niko njiani.

Jentrix wako


Kericho
30 Septemba 2023

Jentrix mama,

Natumai wanafunzi wako hawakusumbui. Mimi nimepona kidonda na nakula vizuri.

Sijakwambia jambo moja. Ulipofika stendi bila mtoto, ukanishika uso kwa mikono miwili mbele ya watu wote, nilitaka kukugombeza. Nikachukua tu mfuko wako tukaenda.

Sasa sikia ya upasuaji, maana shule zilikuita kabla ya siku yangu. Daktari Kemuma aliniambia wazi, "Mzee, sikurudishii uso wa zamani. Nyusi nitaiinua upate kuona, lakini haitacheza. Mdomo utabaki hivyo. Na jicho utaendelea kulipaka dawa kila ukilala." Nikamwambia aendelee.

Nilidungwa ganzi, nikawa macho muda wote. Alikata juu ya nyusi, kwenye mkunjo wa uzee, ili kovu lijifiche. Katikati ya kazi akanikalisha, akarudi nyuma hatua mbili, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Zimelingana?" nikamuuliza. "Karibu," akasema. Nikampenda kwa kutonidanganya.

Baada ya wiki walitoa nyuzi. Nikatoka nje. Jentrix, nilikuwa nimesahau kwamba Bomet ina upande wa kulia! Chai mpaka mlimani, na akina mama wamebeba vikapu, wote hao walikuwa wananipita siku zote.

Disemba nitakuja. Nikimtisha mtoto, nitalala gesti nirudi kesho yake.

Baba yako


Lodwar
8 Januari 2024

Baba,

Naamini ulifika salama na jicho unalipaka dawa. Huku nyumba imepoa bila wewe.

Siku ya kwanza Eucabeth alijificha nyuma ya sketi yangu mpaka jioni, na wewe hukumwita hata mara moja, ulikaa tu ukichambua maharagwe. Nilikuwa jikoni, lakini nilisikia aliposogea akakuita babu kwa lugha yetu, akakuuliza, "Kwara, hapa uliumia?" Na wewe, "Kidogo. Daktari akanishona." Halafu mkaendelea na maharagwe wote wawili. Niliacha sufuria iungue, Baba.

Hayo uliyaona. Hili hukuliona: tangu basi lako liondoke, Eucabeth akicheka anavuta mdomo upande mmoja tu, wa kushoto. Wa kulia anautuliza kabisa, kwa bidii. Jana mwalimu mwenzangu alimwangalia, akaniuliza kwa wasiwasi, "Mtoto ana shida gani ya uso?"

Nikamjibu, "Hana shida. Amefanana na babu yake."

Binti yako,
Jentrix