Mbuzi wa Damu Safi

Owadwa, ndugu yangu Okoth,

Nimekasirika nawe. Najua marehemu huandikiwa kwa upole, lakini wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja, ulinijua tangu tukioga kwenye karai moja, na upole haukuwahi kukaa kwangu. Nisikilize basi, maana leo huwezi kunikatiza.

Kila nikitaka kukulilia vizuri, namkumbuka yule mbuzi.

Kifusi kilipowaangukia wenzako machimboni Osiri, ulikimbilia kuwatolea damu kabla hata hujanawa vumbi. Baadaye ukapigiwa simu: damu yako haikutumika, fika kituo cha afya upimwe. Basi. Hawakusema wameona nini. Ukaja kwangu Suna, ukakaa kando ya cherehani yangu hutaki kwenda, kwa sababu kwetu sisi damu ikiwa na shida, shida hiyo ina jina moja tu. Jina hilo mimi nilikuwa nalo mwilini miaka mingi na dawa zake nameza. Nikakushika mkono tukaenda. Wakakupima ukimwi tu, hawakuuona.

"Nyaminwa, dada yangu, damu iko safi!" Ulipiga kelele mpaka akina mama wa kliniki wakacheka. Ukachinja mbuzi. Wachimbaji wakala, mimi nikala, ukacheza mpaka ndala ikakatika, na tangu siku hiyo Osiri nzima ikakuita Damu Safi. Watu wote wale na vinywa vyote vile, hakuna aliyeuliza: kama ni safi, ilikataliwa kwa nini? Na yule wa simu, ulimi wake ungepungua nini kama angetaja ugonjwa wenyewe?

Halafu ukawa unanichunga mimi! Kila jioni simu inalia, hata salamu hakuna: "Nyaminwa, umemeza?" Nilikuwa nakujibu kwa ukali, kwani mimi mtoto? Lakini nilikuwa sili mpaka uwe umepiga.

Tumbo lako lilipovimba na macho yakageuka manjano, watu wakapata kazi. Wengine walisema ni pombe ya chang'aa, wewe ambaye kwenye harusi uliomba uji. Wengine walisema ni chira, umevunja mwiko fulani wa nyumbani. Daktari alisema ni saratani ya ini, na iliyoileta ni homa ya ini, ile ya B, virusi vilivyokaa kimya ndani yako vikila polepole. Hivyo ndivyo virusi walivyoviona kwenye damu uliyowatolea wenzako. Wewe ulikuwa unavichezea ngoma.

Akasema iko dawa ya kuvituliza. Haitaondoa saratani, lakini inaweza kukuongezea muda. Muda, Okoth. Nilitaka huo tu. Nikaenda dirishani kuichukua. Yule kijana wa dawa akaniambia, "Madam, hiyo ni ya watu wa kliniki ile ingine. Huyu hana HIV, siwezi toa." Akanionyesha mkebe ili niamini. Niliusoma. Dawa hiyo imo ndani ya kidonge changu. Naimeza kila siku, na wewe ndiye ulikuwa ukinikumbusha!

Yaani ulihitaji kuugua ugonjwa wangu ndipo utibiwe wako. Nilipiga kelele pale dirishani hadi askari akaitwa.

Nikaja nikaweka mkebe wangu kitandani pako. Ukausukuma. "Ukiruka dozi, nani atanizika?" Ukacheka. Kicheko hicho sijakusamehe bado. Dawa yako ilipopatikana, ulikuwa huwezi kumeza hata maji.

Tulikuzika nyumbani, Rodi Kopany. Wenzako walikuja na pikipiki wakipuliza honi, vumbi tupu, wakilia "Damu Safi! Damu Safi!" Nikachukua kipaza sauti. Nikasema umekufa kwa nini. Nikasema mimi nina virusi vya ukimwi na niko hai kwa sababu naulizwa na natibiwa, na huyu tunamzika kwa sababu hakuna aliyemwambia neno moja. Baba mdogo akazima spika. Akasema nimeaibisha boma. Wacha liaibike.

Sasa sikia lililoniuma kuliko yote. Matanga yalipokwisha, nilimwambia mkeo Adhiambo akapimwe, maana virusi hivi huambukiza walio karibu. Akaniangalia kwa mshangao. "Mimi nilipimwa kliniki ya mimba, dada. Niko sawa. Niko safi." Neno lile lile, na kipimo kile kile cha ukimwi! Nilikaribia kumzaba kofi mjane wa ndugu yangu. Badala yake nilimbeba, na watoto, mpaka hospitali, na mlangoni nilitaja ugonjwa kwa jina kwa sauti ya kuuza samaki. "Hatukuja kupimwa tu. Tumekuja kupimwa homa ya ini ya B."

Watoto hawana, wamechanjwa. Adhiambo anayo. Ini lake limeanza kuharibika, lakini daktari anasema tumewahi. Dirishani wakaanza tena hadithi ya kliniki ile ingine. Nikakaa chini sakafuni na kanga yangu, nikawaambia siondoki, hata mfunge mlango mnifungie humu. Jioni wakampa.

Bado nina hasira, na sitaki ipoe. Ndiyo iliyonikalisha pale sakafuni. Sijui kama Adhiambo atazeeka. Ninachokuahidi ni hiki: hakuna wa nyumba hii atakayeambiwa tena kwamba damu yake ina shida, akarudi nyumbani bila kujua ni shida gani. Nitauliza mpaka wanichoke. Na mbuzi hatachinjwa.

Lala, owadwa. Jua linazama hapa Suna na simu yako haiji, kwa hiyo nimemeza mwenyewe. Sasa napiga simu Rodi. Adhiambo akishika, hata salamu sitampa.

"Umemeza?"

Dada yako,
Akinyi