Vidonge Chini ya Mkeka

Beni, 4 Machi 2001

Binti yangu Kavira,

Hujambo? Wajukuu wangu wazima? Mimi mzima nusu. Tangu tumzike baba yako niko kwenye mkeka wa matanga. Barabara imekuzuia kuja, sikulaumu.

Vile vidonge vya tension, presha ya damu, ulivyonitumia kutoka dispensaire yako vinaniharisha vibaya. Mjane hatoki peke yake, unajua. Kila nikienda choo, shangazi zako wawili wananisindikiza, na juzi nilienda mara nane. Shangazi yako Tamar akasema mbele ya waombolezaji, "Huyu mama hapana lia bwana yake, iko nakimbia tu!" Wakacheka. Niliona haya mpaka nikatamani kumfuata baba yako.

Basi nimevificha chini ya mkeka. Matanga yakiisha tarehe 25, nitaendelea kumeza. Tumbo limeanza kutulia.

Mama yako, Kyakimwa

Butembo, 9 Machi

Mama mpenzi,

Salamu nyingi, watoto wazima. Pole kwa mkeka, lakini barua yako imeninyima raha. Vidonge hivyo ni vya zamani, ndivyo tulivyobaki navyo tangu vita. Kuharisha ni tabia yao, nami muuguzi mzima sikukuambia. Kosa langu.

Lakini usiache, Mama! Ulipimwa presha 22 kwa 12, iko juu mno. Mshipa wa kichwa ukipasuka, shangazi watakusindikiza wapi? Kitsa, dereva wa lori, anakuletea vingine, vipole kwa tumbo.

Binti yako, Kavira

Butembo, 17 Machi

Mama,

U mzima kweli? Kitsa amerudi na bahasha yangu. Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari walimwambia, "Beni hapana kwenda, masasi iko nalia." Risasi zinalia huko. Kumbe hujasoma hata neno langu moja! Leo nampa mtu wa pikipiki anayepita njia za mashambani barua zote mbili na vidonge vipya. Meza siku hiyo hiyo. Haya haiui, Mama. Nakuomba.

Kavira wako

Beni, 26 Machi

Binti yangu,

Hamjambo huko? Anayeandika ni Vagheni, jirani yetu. Mimi nasema, naye ananifanya nirudie kila neno mara mbili, ulimi umekuwa mzito.

Pikipiki ilifika tarehe 22. Mimi nilianguka tarehe 20. Wasingya, yaani asante, kwa vidonge; ninavimeza. Tumbo limetulia kabisa, na mkono wa kuume umetulia pia, na mguu wa upande huo. Tamar ananilisha kwa kijiko huku analia. Nimemsamehe, na wewe usijilaumu.

Matanga yaliisha jana. Shangazi zako bado wananisindikiza chooni, mmoja kila upande.

Mama yako