Orodha Iliyoruka Chini ya Kidole

Jumatatu, 3 Machi

Chai ya rangi, maziwa yameganda. Ofisini saa mbili. Kitale yote ni foleni za mbegu na mbolea.

Asubuhi nzima nimebadilisha rangi za vitufe. Wafugaji wa Bungoma wanamwandikia Daktari wa mifugo kupitia programu yetu, yeye anasoma kwenye simu na kujibu. Orodha ya jumbe haina mwisho. Anateremka tu kwa kidole, nyingine zinakuja. Kazi ya mikono yangu hiyo. Najivunia.

Nasimiyu, mfanyakazi mpya, ameniuliza kwa nini nimechukulia kila ujumbe una kimo kimoja kwenye skrini. Nimemjibu kwamba inafanya kazi. Amenikera.

Jumanne, 4 Machi

Daktari amepiga simu. Habari mbaya.

Jana Mama Nelima wa Bokoli alimwandikia: ng'ombe wake anazaa tangu alfajiri, miguu imetoka, ndama hatoki. Jirani yake kwenye orodha alikuwa mzee wa Lugulu, ng'ombe amechubuka goti tu. Daktari akamjibu mzee: si mbaya, mwache apumzike, nitapita wiki ijayo.

Jibu likaenda kwa Mama Nelima. Akaamini. Akangoja. Alipopiga simu jioni, ndama alikuwa amefia tumboni. Ng'ombe ameponea chupuchupu.

"Mimi nilifinya ya huyo mzee," Daktari alisema. "Hiyo kitu iliruka, bana. Iliruka nikiwa nafinya."

Nikamwambia awe makini. Nilisema hivyo kweli. Nasimiyu alikuwa anasikia.

Alhamisi, 6 Machi

Nasimiyu ameshinda Bungoma jana na leo. Sikumtuma. Aliomba ruhusa kwa mkubwa wetu, akaenda akaketi kando ya Daktari, akitazama kidole chake. Amerudi na daftari limejaa.

Mtandao wa huko unasuasua. Maneno hufika kwanza, picha baadaye. Picha ikifika, ujumbe unarefuka na wote walio chini yake wanasukumwa. Mmoja ameandika maneno mawili, mwingine hadithi nzima na picha tatu za kwato. Mimi niliwapa wote kimo kimoja, kama sare ya shule. Simu inakisia, inakosea, inajisahihisha kidole kikiwa bado hewani.

Si kosa la Daktari. Ni langu.

Hakunisuta. Aliweka daftari mbele yangu, akaenda kuosha vikombe. Nimetoka nikasimama kando ya barabara. Tuktuk zinapita. Aibu.

Ijumaa, 7 Machi

Daktari ametupa wiki moja. Baada ya hapo anaachana na programu yetu. Wafugaji wa mbali watarudi kumtafuta kwa miguu.

Mkubwa anataka tuikate orodha iwe kurasa. Nasimiyu amekataa kwa adabu.

"Lakini si picha itasukuma tu hata kwa hizo kurasa, boss?"

Mkubwa akamwachia ajaribu. Mimi nisingethubutu.

Jumanne, 11 Machi

Nasimiyu ameiandika upya orodha kwa siku mbili. Leo amenionyesha.

Simu ndogo haiwezi kubeba maelfu ya jumbe kwa pamoja. Inachora zinazoonekana tu, na chache juu na chini. Hayo niliyajua. Nisiyoyajua ni haya: kila ujumbe unapotokea anaupima na kukihifadhi kimo chake. Picha inatanguliza vipimo, nafasi yake inatengwa kabla haijafika. Halafu ujumbe ulio mbele ya macho anaushikilia palepale. Kitu kikirefuka juu yake, orodha yote inasogea kwa kiasi hicho hicho. Msomaji hahisi chochote.

Mistari michache tu ya msimbo. Nimeisoma mara tatu. Miaka kumi na moja katika kazi hii na sijawahi kuandika kitu safi hivyo. Wivu kidogo. Furaha zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Imeharibika. Kosa nimeligundua mimi. Daktari hulaza simu akitaka kuona picha vizuri. Ukiilaza, mistari ya maandishi inapungua, na vimo vyote tulivyohifadhi vinageuka uongo. Orodha ikaruka kama mbuzi.

Niliogopa kumwambia Nasimiyu. Alicheka.

"Ati hiyo sikuwa nimeona! Umefanya poa."

Tukaketi pamoja. Simu ikigeuzwa, vipimo vya zamani vinatupwa, ujumbe wa mbele ya macho unabaki palepale, upimaji unaanza upya. Tumeigeuza simu mpaka mikono ikachoka. Imetulia.

Ijumaa, 14 Machi

Tumepitia Bokoli kwanza. Nimemwambia Mama Nelima kwamba kosa lilikuwa langu, si la Daktari. Ng'ombe alikuwa nyuma yake, amekonda, anakula.

"Basi huyo daktari nilimkasirikia bure," alisema. Hakusema amenisamehe. Alituletea viti.

Bungoma saa tano. Daktari alifungua orodha. Nilisimama nyuma yake, Nasimiyu karibu na dirisha. Picha ya ndama ikafika juu, polepole, ikajijaza yote. Chini yake hakuna kilichosogea. Kidole kikashuka, kikafinya, jibu likaenda kwa mwenyewe.

Nasimiyu aliinama kutazama. Mimi pia.

Daktari hakugundua lolote. Alijibu mwingine, na mwingine. Kisha akamwomba Nasimiyu asogee kidogo, anamzibia mwanga.