Gumzo Lililokataa Kufunguka

Pudasjärvi, Julai 16

Mjukuu wangu Taimi,

Salamu kwanza. Mimi mzima, ila magoti yananisema. Wewe je, huko Trondheim unakula, au bado unakunywa kahawa na kuiita chakula? Haya siyaandiki kwenye gumzo la kompyuta. Nataka uyashike mkononi.

Jumapili ile uliniandikia kwamba hutarudi kushika shamba, nami nikakujibu asiyerudi kwao hana kwao. Mchana huohuo radi zikapiga. Nikachomoa nyaya zote ukutani, kama mama alivyokuwa akichomoa waya wa redio. Kulipotulia nikachomeka, nikafungua gumzo letu, nikaambiwa muunganisho umekataliwa. Kesho yake, umekataliwa. Nikasema sawa, mtoto kanifungia mlango. Simu ninayo, lakini simpigii mtu aliyenifungia mlango. Nawe hukupiga, nikaona ndiyo ushahidi.

Siku ya tisa Kalervo, jirani yule fundi simu mstaafu, alikuja kuazima ngazi. Kuona nimenuna, akauliza kafa nani. Nikamwambia hajafa mtu, ila kuna seva haitaki kuniona. Akakagua nyaya, akazima na kuwasha kisanduku cha mtandao, wapi. Kisha akatazama pembeni mwa kioo cha kompyuta, penye tarehe, akacheka hadi akakaa. Akasema, Bi Hilja, kompyuta yako iko mwaka 2009. Kibetri cha saa kimekufa, ukichomoa waya inasahau tarehe. Seva, ile mashine ya mbali inayobeba gumzo, ikionyesha cheti chake cha utambulisho, kompyuta yako inaona hakijaanza kutumika, inakikataa. Hujafungiwa na mtu, akasema, umemfungia mgeni wewe. Nikamwambia apunguze meno, anywe kahawa. Lakini Mungu ambariki, alirekebisha tarehe, gumzo likafunguka.

Nikakuta maneno yako ya kila asubuhi, siku zote tisa. Bibi, umeamkaje. Bibi, bado umenuna? Bibi, nuna tu, nitakungoja. Asante, mwanangu. Sijui nani kakulea vizuri hivyo, labda mimi.

Sasa nililoficha. Asubuhi ile aliyokuja Kalervo, mezani palikuwa na barua niliyokuandikia, kwamba usikanyage tena kwangu. Stempu nilishabandika. Gari la posta lingepita saa sita. Yeye alilitangulia kwa saa moja. Si wema wangu uliokuokoa. Barua hiyo nimewashia jiko la sauna, bafu letu la mvuke.

Shamba nimemwachia Kalervo alime. Usirudi kwa ajili ya shamba. Njoo Agosti, ulale hadi saa nne, sitauliza kitu.

Wasalimie wenzako wa kazini.

Ni mimi bibi yako,
Hilja